Kitabu Kilifika, Chuo Hakikufika

Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, mwalimu wa michezo hupatikana kwenye kikao cha walimu. Anatafutwa nani bado kijana, nani aliwahi kuchezea timu ya chuo, nani hana vipindi vingi. Jina likishapendekezwa na kuungwa mkono, mhusika anakabidhiwa filimbi, mpira na ufunguo wa stoo, na shughuli imekwisha. Mwalimu wa hesabu hapatikani hivyo, wala wa kemia. Wengi huieleza hali hii kwa umaskini wa shule au uzembe wa wizara, na maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi, kwa sababu hata shule zenye viwanja vizuri na fedha za kutosha huenda kwa mtindo huohuo. Mimi naona chanzo kiko mbali zaidi. Ualimu wa elimu ya viungo ulipoanza Ulaya ulikuwa kazi ya afya: aliyeusomea alikaa chuoni, akajifunza mifupa, misuli, mapafu na usafi kabla ya kusimama mbele ya watoto. Ulipoletwa Afrika Mashariki, vilivyosafiri ni amri, mazoezi na mipira. Mafunzo ya mwalimu yalibaki kule, na afya ikapelekwa chumba kingine. Tumeurithi mgawanyiko huo bila kuuhoji.

Chuo kikongwe cha taaluma hii kilianzishwa Stockholm mwaka 1813 na Pehr Henrik Ling, mshairi aliyekuwa akifundisha kupigana kwa vitara katika Chuo Kikuu cha Lund. Sweden ilikuwa imetoka kupokonywa Finland na Urusi mwaka 1809, na taifa lililoshindwa lilikuwa tayari kumsikiliza mtu aliyedai kwamba mwili wa raia unaweza kujengwa upya kwa mpango. Hapo hakuna la ajabu. Serikali nyingi zimekumbuka miili ya watu wake baada ya vita. Jipya lilikuwa namna Ling alivyoigawa kazi yake: mazoezi ya kulea, ya tiba, ya jeshi na ya uzuri wa mwendo, yote yakitegemea ujuzi mmoja wa jinsi kiungo kinavyofanya kazi. Baada ya kifo chake mwaka 1839, Lars Gabriel Branting alikiongoza chuo kwa kutilia mkazo upande wa tiba, na kanuni za mwaka 1864 zikathibitisha matawi matatu, la shule, la jeshi na la tiba, na kuwafungulia wanawake mlango. Mhitimu aliweza kufundisha darasa asubuhi na kumkanda mgonjwa wa mgongo jioni, na hakuna aliyeona kwamba anafanya kazi mbili. Sweden ilipolipa somo hili jina la Michezo na Afya mwaka 1994, haikuwa imebuni ndoa mpya, maana viwili hivyo vilikuwa nyumba moja tangu msingi.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa hoja yangu uko Uingereza, kwa mwanamke mmoja wa Kiswidi. Martina Bergman-Österberg, aliyezaliwa mwaka 1849, alihitimu chuo cha Stockholm na mwaka 1881 akaajiriwa na bodi ya shule za London kusimamia mazoezi ya viungo katika shule za wasichana na watoto wadogo. Katika miaka michache aliwafundisha walimu zaidi ya elfu moja namna ya kuongoza mazoezi ya Ling. Angeweza kuishia hapo na kuhesabiwa kwamba amefanikiwa. Lakini aliona kwamba semina fupi kwa mwalimu wa darasa hazitoshi, na mwaka 1885 akafungua chuo chake Hampstead, ambacho mwaka 1895 kilihamia Dartford, katika jimbo la Kent. Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Wanafunzi, wote wanawake, walisoma anatomia, fiziolojia na kanuni za afya. Walijifunza kukanda na kunyoosha migongo iliyopinda. Walicheza kriketi na kuogelea. Kisha walipelekwa kufundisha watoto wa shule za jirani huku wakitazamwa na kusahihishwa. Ndiyo kusema mwalimu wa viungo alitayarishwa kwa nadharia, vitendo na usimamizi, kama anavyotayarishwa mkunga. Baada yake vilifuata vyuo vingine vya wanawake: Anstey mwaka 1897, Chelsea mwaka 1898, Liverpool mwaka 1900 na Bedford mwaka 1903. Mawazo yake yalikuwa na doa la zama zake, kwani alimwona msichana mwenye afya kwanza kama mama wa taifa la kibeberu, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo kiwango cha mafunzo alichokiweka kilidumu kuliko sababu alizokitetea nazo.

Mtu akitaka kuona alama za Dartford katika Afrika Mashariki asiende kwenye nyaraka, aende uwanja wa shule. Netiboli, mchezo ambao kwa vizazi vingi msichana wa Tanzania, Uganda au Malawi amekuwa akifundishwa kabla ya mwingine wowote, ulipata umbo lake katika chuo hicho. Mpira wa kikapu wa Marekani ulifundishwa huko na mgeni mwaka 1893, chuo kikiwa bado Hampstead, ukachezwa kwa vikapu vya takataka za karatasi, ukabadilishwa kidogokidogo: ikawekwa pete ya kulengea, uwanja ukagawanywa sehemu tatu, na kila mchezaji akafungwa kwenye eneo lake. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1901 na chama cha walimu wa viungo kilichobeba jina la Ling. Hata gauni lisilo na mikono, lenye marinda, ambalo wasichana wa shule nyingi za Kenya hulivaa juu ya blauzi hadi leo, lina asili katika vazi la mazoezi linalohusishwa na mwanafunzi wa chuo hicho, Mary Tait, ambaye alitaka kuruka na kukimbia bila kukwazwa na sketi ndefu. Vazi lililobuniwa ili msichana aweze kunyanyua mguu limekuwa kwetu vazi la kukalia dawati. Mchezo ulifika na vazi likafika. Chuo chenye anatomia na mazoezi ya ualimu hakikufika, na haikuwa bahati mbaya tu. Ilitokana na nani alitumwa kuja na alikuwa amesoma wapi.

Kwa wanaume wa Uingereza historia ilikuwa tofauti kabisa. Vita vya Makaburu viliposhtua nchi kwa idadi ya vijana waliokataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili, wizara ya vita iliandaa mwaka 1902 kozi ya mfano kwa shule, iliyokuwa kwata tupu, na watoto wakawekwa mstarini chini ya masajini wastaafu. Walimu waliipinga, na walimu wanawake wa viungo waliipinga kwa hoja ya kitaalamu kwamba mwili wa mtoto wa miaka minane si mwili wa kuruta aliyepunguzwa ukubwa. Kozi hiyo ikafutwa ndani ya miaka miwili. Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1907 sheria ilianzisha huduma ya uganga mashuleni, George Newman akawa mganga mkuu wa bodi ya elimu, na mtaala wa mazoezi wa mwaka 1909, uliofuata mfumo wa Kiswidi, ulitoka katika idara yake ya uganga. Yaani mazoezi ya shule yaliwekwa chini ya daktari. Lakini chuo cha wanaume cha hadhi ya Dartford kilisubiri hadi Carnegie ya Leeds ilipofunguliwa mwaka 1933. Kwa hiyo kwa karibu nusu karne, mwanamke Mwingereza aliyefundisha viungo alikuwa amesomea kazi hiyo, na mwanamume kwa kawaida alikuwa ama mwanajeshi wa zamani ama mhitimu wa chuo kikuu aliyependa kriketi.

Hao wa mwisho ndio waliopewa shule za wavulana Afrika Mashariki. Budo ya Uganda, Tabora ya Tanganyika na Alliance ya Kenya zilifuata desturi ya shule za bweni za matajiri wa Uingereza: viranja, mabweni yanayoshindana, na mpira kila jioni. Edward Carey Francis, aliyeiongoza Alliance kuanzia mwaka 1940 hadi 1962, alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, na hakuna anayetilia shaka kwamba aliheshimu michezo kwa dhati. Ila katika desturi hiyo mchezo ulikuwa chombo cha tabia. Ulimfundisha kijana kutii, kuvumilia na kushindwa bila kununa. Haukumfundisha kwa nini moyo wake unadunda, na haukuhitaji mwalimu anayejua jibu. Desturi ya pili, ile ya wanawake, ilikuwa na mwalimu mwenye ujuzi huo, lakini shule za wasichana zilikuwa chache. Na katika shule za vijijini zisizo na Mwingereza hata mmoja kilifika kitabu: mtaala wa mazoezi wa Uingereza wa mwaka 1933, uliotumika katika makoloni mengi.

Kitabu hicho hakikuwa kibaya. Kilitungwa ili mwalimu wa kawaida wa darasa aweze kukifuata, kikiwa na majedwali ya mazoezi kwa umri na michezo isiyohitaji vifaa vya bei. Lakini Uingereza kilizungukwa na watu: waratibu wa wilaya waliosomea, daktari wa shule aliyewapima watoto, vyuo vilivyoendelea kutoa wahitimu. Kwetu kilikuja peke yake. Mwalimu aliyemaliza miaka michache ya shule alichukua kilichowezekana kuchukuliwa bila mkufunzi, yaani zile amri. Mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka: watoto wanaozisikia mstarini asubuhi wanasikia maneno yaleyale ya gwaride la jeshi. Tulipewa kwa mlango wa nyuma ile kwata iliyotolewa shuleni Uingereza mwaka 1904.

Kuna mahali pamoja ambapo koloni lilijaribu njia nyingine. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, kiongozi wake Thomas Jesse Jones alihubiri kwamba elimu isimame juu ya mambo manne: afya, mazingira, nyumba na burudani yenye kujenga. Mwaka uliofuata ilifunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, karibu na Nairobi, chini ya J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo. Walimu walifika na wake zao, wakaishi katika nyumba za mfano, wakajifunza kuchimba vyoo, kulea watoto wachanga, kuzuia maradhi na kuongoza michezo, kisha wakatumwa kuzungukia shule za vijiji. Kwa kipimo ninachokitumia hapa, Kabete ilikuwa karibu na Stockholm kuliko shule nyingine yoyote ya ukanda huu: afya na mchezo mikononi mwa mtu mmoja aliyefunzwa.

Waafrika wengi hawakuipenda elimu ya aina hiyo, na pingamizi lao ni zito. Walisema kwamba serikali inawapa somo la choo ili kuwanyima aljebra. Kwamba mtoto wa mlowezi anafundishwa kutawala na mtoto wa Mwafrika anafundishwa kunawa. Walikuwa sahihi kuhusu nia. Jones aliamini kwa uwazi elimu ya kumrekebisha Mwafrika alingane na nafasi aliyopangiwa, na shule huru za Wakikuyu, hadi chuo cha Githunguri cha mwaka 1939, zilijengwa kwa michango ya wazazi waliotaka Kiingereza na cheti. Ninachokiona ni matokeo ambayo hakuna upande ulioyakusudia. Afya na mwili viliingia katika fikra za wazazi wetu kama masomo ya daraja la pili, ya mtu asiyetarajiwa kufika mbali. Uhuru ulipokuja, mtihani ndio uliotoa kazi, na kipindi kisicho na mtihani kikawa akiba ya kumalizia hesabu. Shule ya Jeanes yenyewe iligeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha watawala wa nchi mpya.

Watu wengine hupinga kutoka upande wa pili. Husema babu zetu hawakuhitaji mwalimu wa viungo: walilima, walicheza ngoma na mieleka, walitembea. Hoja hii inasahau kwamba elimu ya mwili ilikuwa na walimu wake, tena waliofunzwa. Katika unyago wa pwani, kungwi hakuchaguliwa kwa kuwa kijana mwenye nafasi. Alimfuata kungwi mkubwa ngoma baada ya ngoma, akajifunza nyimbo, miondoko ya kiuno, mambo ya hedhi, usafi na ndoa, na ndipo akakabidhiwa wari wake. Bi Kidude wa Zanzibar aliheshimiwa kwa kazi hiyo kama alivyoheshimiwa kwa taarab. Sitetei kila kilichofanyika katika jando na unyago za kila kabila, hasa penye kisu juu ya msichana. Nataja desturi hii kwa kuwa ndani yake mwondoko wa mwili na afya ya mwili vilifundishwa na mtu mmoja, kwa wakati mmoja, baada ya yeye mwenyewe kupikwa. Shule ya kikoloni ilipombeza kungwi haikuweka mwingine mahali pake.

Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na nafasi nzuri ya kubadilisha mambo, maana Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka darasa na maisha viungane. Kilichotokea ni kwamba jembe lilihesabiwa kuwa elimu ya viungo. Shamba la shule asubuhi, mchakamchaka kabla ya vipindi, na mashindano kila mwaka: nani angesema watoto hawa hawatumii miili? Lakini kazi si mafunzo. Mtoto anayebeba ndoo kichwani kila siku hafundishwi kwa nini shingo inamuuma, na hakuna anayemtazama anavyoinama. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari yamewaibua wachezaji wengi wa taifa, ila kwa asili yake yanachuja: wachache wanapanda basi, wengine wanabaki kushangilia. Chuo cha ualimu cha Butimba, Mwanza, kimeandaa walimu wa michezo pamoja na muziki na sanaa. Chuo cha Malya, wilayani Kwimba, kimeandaa wataalamu wa michezo. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kutoa shahada ya elimu ya viungo katika miaka ya 1990. Ni kazi ya kuheshimiwa, na ni tone ukilinganisha na idadi ya shule. Nayo mitaala ikaendelea kutenganisha. Katika mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo wa Tanzania bara wa miaka ya 2010, afya iliwekwa pamoja na mazingira, na michezo pamoja na sanaa.

Pingamizi linalopendwa zaidi linatoka Iten, Kenya. Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo ya riadha, na mikononi mwake wakapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012. Kama mwalimu wa jiografia ameweza hayo, chuo cha viungo ni cha nini? Nina majibu mawili. O'Connell alijifunza, tena kwa miongo kadhaa, akitazama na kuandika; ni mtu aliyejijengea chuo chake mwenyewe, na mfumo wa elimu hauwezi kutegemea kwamba kila wilaya itapata wa namna hiyo. Jibu la pili ni la msingi zaidi. Kazi ya kocha na kazi ya mwalimu wa viungo na afya hupimwa kwa watu tofauti. Kocha humtafuta Rudisha. Mwalimu anawajibika kwa yule wa mwisho kumaliza mzunguko, mwenye pumu, mnene anayechekwa, msichana anayeomba ruhusa kila mwezi bila kusema sababu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na pendekezo hilo halikuandikwa kwa ajili ya wenye vipaji. Miji yetu imejaa watu wazima wenye shinikizo la damu na kisukari ambao walikaa shule miaka 7 au 12 na kilichobaki kichwani mwao kuhusu miili yao ni kwamba hawakuchaguliwa kwenye timu.

Inabaki hoja ya fedha, ambayo huletwa kana kwamba inafunga mjadala. Historia haiiungi mkono. Mazoezi ya Ling yaliweza kufanywa sakafuni bila chombo, netiboli ilianzia kwenye kikapu cha takataka, na kitabu cha 1933 kilitungwa kwa shule zisizo na ukumbi. Kilichogharimu siku zote ni muda wa kumwandaa mwalimu, na gharama hiyo tunailipa tayari kwa mwalimu wa kila somo lingine. Kenya ilikaribia kuilipa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 uliwapa wanafunzi wa gredi ya nne hadi ya sita somo lililobeba viungo na afya kwa jina moja, lenye malengo yake na vitabu vyake. Vyuo havikupata muda wa kulizalia walimu. Baada ya mapitio ya mwaka 2023, lilikunjwa ndani ya Sanaa Bunifu pamoja na muziki na uchoraji, ili kupunguza mzigo wa masomo. Mwalimu mmoja sasa anatarajiwa kufundisha rangi, noti na mapigo ya moyo katika vipindi vya somo moja, na atakachokiruka muhula ukibana ni kile ambacho hakukisomea.